Uzi: Hela yako ya kwanza ya kamera iende kwenye lensi, bodi kuukuu inatosha

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu. Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wanaotaka kuanza kupiga picha kwa mapenzi tu, bila mpango wa biashara, ni hili: "Bajeti yangu ndogo, ninunue kamera gani?" Nimechoka kulijibu nusunusu, ngoja nilimwage lote hapa.

Jibu langu: chukua bodi (yaani kamera yenyewe bila lensi) ya zamani iliyotumika, ikiwa nzima, halafu hela inayobaki iweke kwenye lensi moja inayoingiza mwanga mwingi. Nasema hivi kwa sababu mimi nilifanya kinyume chake.

Nilipoanza nilijibana miezi mingi nikanunua bodi mpya kabisa, imekuja na lensi yake ya kuvuta ya 18-55mm. Mchana nje, picha zilikuwa safi. Shida ilikuwa jioni. Babu yangu alikuwa fundi saa, na hata baada ya kustaafu alikaa kando ya dirisha kila jioni akifungua saa za watu. Hiyo ndiyo picha niliyonunulia kamera. Kila nikibonyeza, mikono yake inatoka kama moshi. Nikipandisha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) mikono inatulia, lakini picha nzima inajaa chengachenga, uso wa mzee unakuwa kama umepakwa mchanga. Nikaamini kamera yangu ni mbovu.

Rafiki akaniazima bodi yake, kuukuu kuliko yangu kwa miaka kadhaa, imefungwa lensi ya 50mm f/1.8. Kiti kilekile, dirisha lilelile, saa ileile ya jioni. Picha hiyo ninayo mpaka leo: kibano kimeshika skrubu ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, mfereji wa juu ya skrubu unaonekana, na kwenye ukucha wa kidole gumba cha babu kuna alama nyeusi ya mafuta ya mashine. Nyuma yake ukuta umelainika wote.

Kilichobadilika ni ukubwa wa tundu la lensi, yaani apecha. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lensi ya 18-55 ukiivuta mpaka 55 inaishia f/5.6. Ile ya rafiki yangu inafunguka mpaka f/1.8. Gawanya 5.6 kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: unapata kama 9.7. Maana yake mwanga unaoingia ni karibu mara kumi. Mahali ambapo mimi nilikuwa nalazimika kutumia shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya sekunde 1/15, na mkono wa mtu hautulii kwa muda huo, yeye kwa ISO ileile anapiga kwa karibu 1/150. Hakuna bodi mpya itakayokupa tofauti hiyo kwa bei ya lensi ndogo ya namna ile.

Sasa kuhusu megapikseli, maana ndizo zinazowavuta wengi kwenye bodi mpya. Ukitaka kuchapa picha ya ukubwa wa A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa kila inchi, unahitaji megapikseli 8.7 tu. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 inaonyesha megapikseli 2 na kidogo. Canon EOS 5D ya mwaka 2005, iliyopigiwa harusi na magazeti ya watu kwa miaka, ina 12.8. Nikon D3200 ya mwaka 2012, ambayo ni bodi ya wanaoanza, ina 24. Kwa hiyo bodi yoyote ya miaka kumi na kitu iliyopita inakutosha, kuanzia picha za simuni mpaka ya kutundika ukutani.

Bodi ambazo mimi ningeziangalia bila wasiwasi zikiwa zimetumika: Nikon D3200 au D5300, Canon 100D ukitaka nyepesi (ni kama gramu 400 pamoja na betri), Sony A6000 ukitaka isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), au Olympus za familia ya E-M10. Za Olympus zina utulivu wa mtikisiko ndani ya bodi yenyewe, na lensi zake ni ndogo kiasi kwamba unaweza kubeba mbili na usizisikie.

Ulizeni, nipo.

Mgeni wa Kamera

Asante sana mkuu, umenigusa penyewe. Mimi nina simu tu kwa sasa. Je, niiache kabisa nianze kujibana ninunue kamera, au?

Mleta uzi

Usiiache. Tena wewe uko pazuri kuliko mtu aliyekwisha kununua.

Fungua galari ya simu yako ukae nayo saa nzima. Angalia picha unazozipenda wewe mwenyewe, siyo zilizopendwa na watu. Zipange: nyuso za watu, mandhari, vitu vidogo kwa karibu, watoto wanaokimbia, majengo. Kundi lililojaa ndilo litakalokuambia lensi ya kununua. Watu wanaanza na swali la kamera gani kabla ya kujua wanapiga nini, ndiyo maana makabati yamejaa kamera zisizotoka nje.

Halafu angalia picha ulizotamani zikakushinda. Simu ilishindwa wapi? Kama ni mbali, ukivuta inaharibika, unahitaji lensi ndefu. Kama ni giza, unahitaji apecha kubwa. Kama kila kitu kiko sawa ila hujui kwa nini picha haivutii, hapo kamera haitakusaidia bado. Tembea na simu hiyohiyo, jifunze mwanga unatoka wapi. Simu nyingi sasa zina upande wa kurekebisha kwa mkono: shata, ISO, fokasi. Apecha ya simu nyingi haibadiliki, lakini hayo mengine yote unaweza kuyafanyia mazoezi leo bila kutoa hata senti.

Mpenda Ndege

Mleta uzi naheshimu mchango wako, lakini naona umeandika kana kwamba wote tunapiga watu dirishani. Mimi napiga ndege. Hiyo 50mm f/1.8 yako kwa ndege aliye juu ya mti ni nukta tu.

Mleta uzi

Uko sahihi kabisa na nimekosea kutolitaja. Kwako lensi bado ndiyo ya kwanza kwenye bajeti, ila ni lensi nyingine.

Kwa upande wa Canon, tafuta EF-S 55-250mm IS STM. Kwenye bodi za Canon zenye sensa (kile kibamba kinachopokea picha) ndogo, ule mwisho wa 250 unakuonyesha eneo sawa na lensi ya 400 kwenye sensa kubwa, kwa sababu sensa ndogo inakata picha kwa mara 1.6. Ni nyepesi, ina utulivu wa mtikisiko, na iliyotumika inapatikana kwa bei isiyoumiza. Kwa ndege aliyetulia, sawasawa. Kwa anayeruka utahitaji shata ya 1/1000 au zaidi, na kwa kuwa lensi hizi zinaishia f/5.6, hapo jua ndilo rafiki yako. Piga asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako.

Kwa Nikon, simama hapa usome mara mbili. Kuna lensi zao zimeandikwa AF-P. Ni nzuri na nyingi ni za bei nafuu, lakini kwenye bodi za zamani kama D3200 hazifanyi fokasi kabisa, hata kwa mkono, kwa sababu hata pete ya fokasi inategemea umeme wa bodi. D5300 inazikubali ukishaisasisha programu yake ya ndani. Ukiwa na D3200, tafuta zilizoandikwa AF-S.

Na mtego wa pili wa Nikon, uliowakamata wengi ninaowafahamu: bodi za D3000 na D5000 na wadogo zake wote hazina mota ya kuzungusha fokasi ya lensi. Ukinunua lensi ya zamani iliyoandikwa AF au AF-D, itafunga vizuri, itapiga picha nzuri, lakini fokasi utazungusha mwenyewe. D7000 na ndugu zake wana mota hiyo. Herufi moja tu kwenye pete ya lensi, na hela yako imekwenda kusiko.

Canon ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Tangu walipoanzisha mdomo wa EF (mahali lensi inapofungia kwenye bodi) mwaka 1987, mota imekaa ndani ya lensi yenyewe, kwa hiyo lensi ya EF ya miaka hiyo inafanya fokasi yenyewe kwenye kamera zao zote za dijitali zenye kioo. Hata kwenye bodi zao mpya zisizo na kioo, za mdomo wa RF, unaiunganisha kwa adapta na inafanya kazi vizuri. Ila zile bodi zao ndogo za mdomo wa EF-M, mimi singemshauri anayeanza leo. Mfumo umesimamishwa, na lensi zake hazihamishiki kwenda RF hata kwa adapta.

Mgeni wa Kamera

Hapo kwenye iliyotumika ndipo ninapoogopa. Nitajuaje kwamba siuziwi mbovu?

Mleta uzi

Hapa nitakaa kidogo, maana pananiuma.

Lensi yangu ya pili niliinunua kwa mtu tuliyekutana jioni, nje, taa hafifu. Nikaigeuza, nikaona kioo kinang'aa, nikalipa. Baada ya wiki nikaanza kuona kila nikipiga kuelekea dirishani picha inafifia, kama kuna pazia jepesi. Nikachukua tochi ya simu, nikaimulika lensi kwa nyuma huku nikichungulia kwa mbele. Pembeni ya kioo cha ndani kulikuwa na nyuzi nyembamba nyeupe zinatawanyika kama mizizi, kama utando wa buibui ulioanzia ukingoni ukielekea katikati. Kuvu. Kuvu wa lensi anakula mpako wa kioo, na hata fundi akiisafisha alama inaweza kubaki. Muuzaji hakupokea tena simu.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi, na sijali kama muuzaji ananuna.

Nakwenda mchana, na tochi, memori kadi yangu na, nikiweza, betri yangu iliyojaa. Lensi kwanza. Namulika nyuma naangalia mbele, kisha kinyume chake, nikiiinamisha pole pole, maana kuvu huonekana kwa pembe fulani tu. Vumbi mbili tatu ndani siyo tatizo, lensi zote zina vumbi. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele nao hausumbui sana. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma unasumbua zaidi. Naangalia majani ya apecha: yawe makavu. Yakiwa na mng'ao wa mafuta, yatakuja kukwama. Nazungusha pete zote nikisikiliza kama kuna mchanga unaosaga.

Kisha bodi. Naweka f/16, naelekeza juu kwenye anga tupu, nazungusha fokasi ili anga iwe ukungu, napiga. Nikiikuza picha hiyo kwenye skrini, vidoa vyeusi vinavyoonekana ni uchafu juu ya sensa. Vichache vinasafishika. Baadaye nafunga kifuniko cha lensi, napiga sekunde kumi gizani. Nukta moja mbili za rangi ni za kawaida, zikiwa nyingi kama nyota naachana nayo. Natoa kadi, nachungulia pini za ndani ya tundu la kadi kama zimenyooka. Najaribu kila kitufe, kila gurudumu. Kitufe kimoja kinachogoma kitakukera kila siku ya maisha yako na kamera hiyo.

Idadi ya mapigo ya shata: bodi za wanaoanza kwa kawaida hupimwa kwa mapigo 100,000 hivi, za kati 150,000, na zile za wataalamu hata 400,000. Siyo kwamba ikifika hapo inakufa, nyingi zinapita. Lakini iliyokwisha kupiga 90,000 bei yake isilingane na iliyopiga 8,000. Kwa Nikon, namba hiyo imo ndani ya taarifa za picha yenyewe, piga moja uisome kwenye kompyuta. Kwa Canon nyingi inahitaji programu maalumu, kwa hiyo mwombe muuzaji akuonyeshe.

Mwisho ulizia chaja, boksi na risiti. Mtu anayeuza kamera yake halali mara nyingi ana kimojawapo. Anayeuza bodi tupu bila hata chaja, na ana haraka, mimi naondoka.

Mzee wa Filamu

Vijana, mnasahau hazina. Kabatini kwa watu kuna lensi za kamera za filamu zimelala, za M42 zinazofungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, za chuma tupu, apecha kubwa. Mimi natumia Helios 44-2, 58mm f/2, kwenye Sony A6000, na wajukuu wangu wote nimewapiga nayo.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umelileta hili.

Nimwongezee mgeni maelezo, maana inategemea bodi. Kila mfumo una umbali wake maalumu kati ya mdomo wa lensi na sensa. M42 ni milimita 45.46. Canon EF ni 44, kwa hiyo kuna nafasi ya milimita moja na nusu hivi ya kuweka adapta nyembamba, na lensi inafanya kazi mpaka mbali kabisa. Sony E ni 18 tu, nafasi tele, ndiyo maana bodi zisizo na kioo zinapokea karibu kila lensi ya zamani. Nikon F ni 46.5, ndefu kuliko M42 yenyewe. Ukiweka adapta ya kawaida hutapata fokasi ya vitu vya mbali, na zile adapta zenye kioo cha kusahihisha hupunguza ubora. Mwenye Nikon asihangaike na M42.

Kwenye A6000 kuna msaada mzuri: sehemu iliyo kwenye fokasi inazungushiwa mstari wa rangi kwenye skrini, kwa hiyo unaona jicho la mtoto linapokaa sawa. Na bodi isipotambua lensi itakataa kupiga mpaka uingie kwenye menyu uiruhusu kupiga bila lensi. Watu wengi hudhani adapta ni mbovu kumbe ni hapo tu.

Mzee wa Filamu

Marahaba mwanangu. Umeeleza vizuri. Waambie pia waihifadhi pakavu, nisije nikasikia wamezika Helios kwenye begi lenye unyevu.

Mleta uzi

Kweli mzee. Boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, ndani vile vipakti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu na vifaa vya umeme, hiyo inatosha. Begi la ngozi au la kitambaa nene ni la kutembelea, siyo la kulazia lensi wiki nzima.

Vitu vingine kwa haraka. Memori kadi feki ni nyingi, inaandikwa 128 kumbe ndani ni ndogo mno, na picha zinapotea bila kukuambia. Ukinunua tu, ijaribu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac, zote ni za bure. Betri ya pili ni muhimu kuliko begi. Kichujio cha UV cha bei rahisi kinarudisha mng'ao, mimi natumia kofia ya lensi, ile ya kukinga mwanga wa pembeni, badala yake. Stendi: iliyo nyepesi mno ukiinua nguzo ya katikati inatikisika kama unyasi. Bora ukae na ukuta au jiwe na ule muda wa kusubiri wa sekunde 2, mpaka upate stendi ya maana.

Na kadibodi nyeupe. Siwezi kuacha kuitaja. Mkalishe mtu kando ya dirisha, shika kadibodi nyeupe upande wa pili wa uso wake, uone kivuli cha shavu kinavyofunguka. Hicho ndicho kifaa kilichobadilisha picha zangu za watu kuliko chochote nilichonunua baada ya ile 50mm.

Kusafisha picha, Darktable na RawTherapee hazilipiwi na zinafungua mafaili ghafi ya kamera nyingi. Darktable inachosha wiki ya kwanza, vumilia.

Mgeni wa Kamera

Nimefanya ulichoniambia kuhusu galari. Karibu zote ni watu, ndani, jioni. Nimepata D5300 bodi tupu na chaja, mapigo 14,000, na mtu mwingine ana 35mm f/1.8G iliyoandikwa AF-S DX. Je, nisichukue 50 kama yako?

Mleta uzi

Chukua 35. Kwenye sensa ya D5300 picha inakatwa kwa mara 1.5, kwa hiyo 35 inakuonyesha eneo la kama 52, karibu na jicho la kawaida. Ile 50 ingekuwa 75, na ndani ya chumba kidogo ungejikuta umegandamiza mgongo ukutani ili mtu aenee. Na hiyo ni AF-S, mota yake imo ndani, D5300 itaielewa.

Nenda mchana, nenda na tochi. Ukisharidhika nayo, mwezi wa kwanza usinunue kitu kingine. Weka f/2.8 kwa mtu mmoja, f/4 wakiwa wawili wasiokaa mstari mmoja, maana ukifungua f/1.8 kwa karibu, jicho moja litakuwa kali na la pili limelegea. Shata usishuke chini ya 1/100 kwa mtu anayezungumza. ISO iache ipande mpaka 3200 bila hofu.

Ukipata ya kwanza unayoipenda, ilete humu tuione.